Mpinzani wa kupangiwa: historia ya nambari inayokuchagulia wa kucheza naye

Leo naomba tuweke kando mambo ya hifadhidata na seva za kazini, tuzungumze kuhusu magemu. Usikimbie kama wewe si mchezaji, kwa sababu habari yenyewe ni ya programu. Ni habari ya fomula moja iliyobuniwa kwa ajili ya watu waliokaa kimya mbele ya ubao wa chesi, ikasafiri, ikabadilishwa mikononi mwa watu wengi, hadi leo ndiyo inayoamua kwa niaba ya mamilioni ya watu nani acheze na nani, na kwenye seva gani.

Kwanza tuelewane. Ukifungua gemu ya mtandaoni siku hizi ukabonyeza kitufe cha kucheza, mara nyingi huchagui mpinzani. Programu iliyoko kwa wenye gemu inatazama nambari yako, ambayo aghalabu wewe mwenyewe huonyeshwi, inawatafuta wengine wenye nambari zinazokaribiana nayo, kisha inawatia chumba kimoja. Huko ndiko kupangwa kwa ustadi. Wanaoutetea mpango huu wanasema ni wa haki. Wanaouchukia wanatukana tu, na kwa kutukana wanapoteza kesi ambayo wangeweza kuishinda. Mimi nina malalamiko yangu pia, lakini bila historia hayaeleweki.

Mwaka 1960 shirikisho la chesi la Marekani lilikubali mfumo wa kupima wachezaji uliotungwa na Arpad Elo, mzaliwa wa Hungaria aliyekuwa akifundisha fizikia katika Chuo Kikuu cha Marquette mjini Milwaukee. Mwaka 1970 FIDE, lile shirikisho la dunia, likaufuata. (Elo ni jina la mtu, si kifupisho. Watu wanaoliandika ELO kwa herufi kubwa tafadhali mumhurumie mzee wa watu.)

Mfumo wenyewe ni mtamu kwa wepesi wake. Kila mchezaji ana nambari. Tofauti ya nambari mbili inatabiri matokeo: ukimzidi mwenzako kwa 200 unatarajiwa kupata takriban asilimia 76 ya pointi mkicheza mara nyingi, ukimzidi kwa 400 ni kama asilimia 91. Mechi ikiisha, nambari zinasogezwa kulingana na jinsi matokeo yalivyoshangaza. Tuseme kiasi cha juu cha kusogeza ni 32. Wawili waliolingana wakicheza, mshindi anaongezewa 16 na aliyeshindwa anapokonywa 16. Lakini aliyekuwa juu kwa 400 akipigwa na mdogo wake, anaporomoka 29 kwa mpigo. Fomula hiyo inatosha kwenye mistari mitatu ya PHP, nami nimeiandika mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri.

Sasa angalia mambo mawili. La kwanza, nambari ya Elo ilikuwa hadharani. Ilichapishwa, mpinzani wako aliijua na wewe uliijua yake. La pili, ilikuwa kipimo tu, kama mizani ya dukani. Mashindano yaliitumia kugawa makundi, ndiyo, ila kwa kanuni zilizoandikwa ambazo mchezaji yeyote angeweza kuzisoma kabla ya kulipa kiingilio. Ukitaka kwenda kucheza na bingwa wa mji bustanini Jumapili, hakuna mizani iliyokuzuia mlangoni.

Hata hivyo ugonjwa wa kwanza ulianzia huko huko kwenye chesi. Mtu anafikia nambari anayojivunia, anaacha kucheza asije akaipoteza. Mwaka 1995 Mark Glickman, mtakwimu wa Chuo Kikuu cha Boston, alitunga mfumo uitwao Glicko unaoweka kando ya nambari kiasi cha shaka: usipocheza kwa muda mrefu, shaka inakua, na mfumo unakiri kwamba haukujui tena vizuri. Wazo hilo la shaka tutarudi kulikuta.

Kwenye magemu ya tarakilishi, wakati huo hakukuwa na mizani yoyote. Juni 1996 id Software walitoa Quake, na kucheza na watu wa mbali kukawa jambo la kila usiku kwa waliokuwa na laini nzuri. Ulipataje mchezo? Kwa orodha. Programu ndogo iitwayo QuakeSpy, ambayo baadaye ilizaa GameSpy, ilikuonyesha seva zote zilizo wazi: jina la seva, ramani, idadi ya watu waliomo, na pingi, yaani muda ambao data yako inachukua kwenda kwenye seva na kurudi, kwa milisekunde. Unachagua mwenyewe. Counter-Strike, iliyoanza 1999 kama kazi ya mikono ya Minh Le na Jess Cliffe juu ya Half-Life, iliishi kwa orodha hiyo hiyo kwa miaka mingi.

Seva ilikuwa mahali. Ilikuwa na mwenyewe aliyelipia umeme wake, sheria zake, wenyeji wake wa kila jioni, hata mlevi wake. Unamjua mkali wa pale, unajua atakuua mara ishirini, lakini unajua pia kwamba mwezi uliopita alikuua mara thelathini. Waliokulia kwenye vibanda vya gemu vya Nairobi wanaelewa bila kufafanuliwa: unalipia mechi yako ya FIFA, aliyeshinda anabaki, aliyeshindwa anampisha mwingine na kurudi nyuma ya benchi. Hakuna anayekupima ukiingia. Ukipigwa tano bila, kibanda kizima kinacheka, na wewe umejifunza jinsi yule jamaa anavyokata kona. Wazee wa drafti chini ya mwembe wanaendesha mambo yao vivyo hivyo.

Lakini nisipake rangi tu. Seva hizo zilikuwa kichinjio kwa mgeni. Ulitokea, ukafa, ukatokea, ukafa, mtu akakutukana, ukazima mashine. Wengi hawakurudi, na gemu isiyopata wageni hufa. Mwenye seva naye angeweza kukufukuza kwa sababu tu umemshinda. Kwa hiyo waliokuja na dawa hawakuwa wakitibu ugonjwa wa kubuni.

Warcraft III ya Blizzard, Julai 2002, ilikuwa na kitufe kwenye Battle.net kilichokutafutia mpinzani wa ngazi yako bila wewe kumjua. Kisha tarehe 9 Novemba 2004 ikaja Halo 2 ya Bungie kwenye Xbox, na hapo ndipo mambo yalipogeuka kabisa. Orodha ya seva ikaondolewa. Badala yake unachagua aina ya mchezo, unangoja, unapewa watu. Ngazi zilikuwa 1 hadi 50 na zilionekana. Kwa mtu aliyekaa sebuleni na kidude cha kuchezea mkononi, asiyejua pingi ni nini, ilikuwa miujiza, na nadhani ilistahili sifa zote ilizopata.

Microsoft wakaenda mbele zaidi. Watafiti wao wa Cambridge, Uingereza, Ralf Herbrich, Tom Minka na Thore Graepel, walitunga TrueSkill, iliyoanza kazi na Xbox 360 mnamo Novemba 2005. Elo alikuwa ametunga kwa watu wawili; hawa walitaka timu za wanne kwa wanne, au watu wanane kila mmoja kivyake. Kila mchezaji akapewa nambari mbili, kadirio la ustadi linaloanzia 25 na kiasi cha shaka kinachoanzia takriban 8.33. Ngazi yako ni kadirio kutoa shaka mara tatu, ndiyo sababu mgeni anaanzia sufuri. Kihesabu ni kazi safi. Nawahimiza wanaopenda takwimu waisome karatasi yao ya 2006.

Ila tazama kilichotokea ilipoingia Halo 3 mwaka 2007. Ukicheza mechi nyingi, shaka yako inapungua, na ikipungua, mechi moja haikusogezi tena sana. Mtu aliyecheza mwaka mzima akakwama ngazi ya 38 aligundua kwamba njia fupi ya kufika 45 ni kufungua akaunti mpya yenye shaka kubwa, akashinda mfululizo, akapaa. Wengi wakafanya hivyo. Akaunti za ngazi 50 zikauzwa kwa pesa. Wengine wakashindwa makusudi ili washushwe wakawachinje wageni, yaani wale wale ambao mfumo ulitungwa kuwakinga.

Mtindo huo wa bingwa kujificha una jina la kale, Smurf. Inasimuliwa kwamba katika miaka ya 1990 wachezaji wawili wakali wa Warcraft II walichoka kuona watu wakitoroka kila walipotokea, wakajipa majina ya vikaragosi vya Smurf, wakaingia kama washamba, wakawafyeka waliowakimbia. Naona tofauti moja kubwa. Wale wawili walijificha kwa sababu watu walikuwa na uwezo wa kuwakataa. Hawa wa baadaye walijificha kwa sababu nambari ndiyo iliyowakataa.

Mwaka 2009 ndio ninaouona kuwa mbaya zaidi katika hadithi hii, na cha ajabu ni kwamba haukuhusu ustadi moja kwa moja. Call of Duty: Modern Warfare 2 ilitoka tarehe 10 Novemba, na toleo la tarakilishi likaja bila seva za wachezaji. Wenye gemu walisema mfumo wao mpya, IWNet, utakupangia kila kitu. Ombi la kupinga likakusanya saini zaidi ya laki moja mtandaoni. Kikundi cha kususia kikaundwa kwenye Steam. Siku ya gemu kutoka, mtu akapiga picha ya orodha ya wanachama wa kikundi hicho: wengi wao walikuwa ndani ya gemu wakicheza. Tulicheka sana. Kampuni zikaelewa ujumbe, nazo hazikuelewa vibaya. Kuanzia hapo gemu kubwa za kufyatuliana risasi zilizidi kutoka bila mlango wa seva, na nambari ikabaki njia pekee ya kuingia.

StarCraft II ya Julai 2010 iliongeza pazia. Ulionyeshwa ligi, kuanzia shaba kupanda juu, lakini nambari halisi iliyokupangia wapinzani ilifichwa. Watu wakapata woga wa kubonyeza kitufe, ule ugonjwa wa chesi kwa sura mpya, hadi Blizzard wakaongeza mechi zisizohesabiwa ngazi mwaka 2013 pamoja na Heart of the Swarm.

Sasa niseme kinachoniuma. Mfumo unaokupanga vizuri kabisa unalenga ushinde takriban nusu ya mechi zako. Ukijifunza miezi mitatu, ukawa mkali maradufu, utashinda nusu. Ukizembea, utashinda nusu. Kwenye chesi nambari yenyewe inakuonyesha umepanda, kwa hiyo unaridhika. Ikifichwa, huna cha kuonyesha juhudi zako. Kila mechi ni fainali, hata ile ya saa nne usiku ulipotaka kupumzika tu baada ya kazi. Na ukitaka kucheza na binamu yako aliyeanza jana, mfumo hauna jibu zuri: ukiwapima kwa nambari yako, yeye anachinjwa; ukichukua wastani, nyote wawili mko mahali pasipo penu. Modern Warfare ya 2019 iliongeza kuvunja ukumbi kila mechi ikiisha. Yule jamaa mliyetaniana naye dakika kumi hutamwona tena maishani.

Kuna jambo jingine ambalo waandishi wa Ulaya na Marekani huligusa kidogo tu, kwa sababu haliwakuti. Mpangaji ana vishikizo vitatu: ustadi, umbali na muda wa kungoja. Hawezi kuvikaza vyote pamoja. Msimbo wa kawaida huanza na dirisha dogo, kisha kadiri unavyongoja ndivyo unavyolipanua. Pale penye watu wengi huoni shida. Tufanye hesabu ya mfano. Tuseme saa hii kuna watu 60 wa Afrika Mashariki wanaosubiri gemu fulani yenye aina tano za mchezo. Ni watu 12 kila aina, wanatosha mechi moja ya sita kwa sita. Sasa wagawe kwa ngazi tatu za ustadi. Wamebaki wanne wanne, na mechi hakuna. Basi mfumo unavuka bahari kuwatafutia wenzao, na gharama inalipwa kwa pingi.

Pingi haina siasa. Mwanga ndani ya nyaya za kioo hukimbia kama kilomita 200 kwa milisekunde. Nairobi hadi London ni kama kilomita 6,800 kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo kwenda na kurudi ni milisekunde 68 hata kama waya ungenyooka, nao haunyooki. Mara nyingi utaona mara mbili ya hapo. Kabla ya SEACOM kuwashwa Julai 2009 na TEAMS mwaka uo huo, tulitegemea setilaiti zilizo kilomita 35,786 juu ya ikweta. Safari nne za umbali huo ni karibu milisekunde 480 kabla seva haijafanya lolote, yaani hadi umwone mtu ameshakuua na ameondoka. Nyaya zilituokoa. Azure ilifungua vituo Afrika Kusini Machi 2019 na AWS ikafungua Cape Town Aprili 2020, nazo zilisogeza mambo. Sasa mfumo unaojali ustadi kuliko umbali unaweza kumchukua mtu mwenye seva nzuri ya karibu akampeleka mbali, eti kwa ajili ya haki. Akifika huko ustadi wake halisi ni mdogo kuliko nambari yake, kwa sababu mkono wake unachelewa. Anashindwa, nambari inashuka, na mfumo unaandika kwamba amezembea. Orodha ya Quake ya 1996 ilikuwa na safu ya pingi, na mtu alijichagulia mwenyewe.

Halafu pesa. Mwaka 2017 watafiti wakiwemo wa Electronic Arts walichapisha karatasi kuhusu mpango waliouita EOMM. Hoja yao ni kwamba mechi ya haki si lazima iwe ndiyo inayomfanya mtu aendelee kucheza. Basi chagua mpinzani kwa kuangalia hatari ya mchezaji kuondoka. Oktoba mwaka huo Activision walipewa hataza, waliyoiomba 2015, ya kupanga wachezaji kwa namna itakayowavuta kununua vitu, kwa mfano kumweka mgeni pamoja na bingwa mwenye silaha ya kutamanisha. Activision walisema haikuwahi kutumika kwenye gemu, nami sina sababu ya kudai vingine. Karatasi si ushahidi wa kitendo. Lakini mpangaji akishakuwa gizani, hata aliye mwaminifu hana njia ya kuthibitisha uaminifu wake. Mchezaji akipoteza mechi tatu mfululizo atasema amepangiwa kupoteza, na nani atamwonyesha vinginevyo?

Niwatendee haki wa upande wa pili, maana wana takwimu. Julai 2024 Activision walichapisha maelezo marefu kuhusu Call of Duty, wakisema ustadi umetumika kupanga mechi zao tangu Call of Duty 4 ya 2007. Walieleza jaribio walilofanya mapema 2024 huko Amerika Kaskazini: bila kuwaambia wachezaji, walilegeza kishikizo cha ustadi kwa nusu yao. Wale asilimia 90 wa chini walirudi kwa uchache kuliko kawaida. Asilimia 10 wa juu ndio waliorudi zaidi. Kwa maneno mengine, wanaopiga kelele zaidi dhidi ya mfumo ni wale wanaokosa wa kuchinja.

Naikubali takwimu hiyo, na inamuuma yeyote anayedai kwamba zamani ilikuwa raha kwa wote. Lakini soma vizuri kilichopimwa. Walilinganisha nambari iliyokazwa na nambari iliyolegezwa, zote ndani ya nyumba isiyo na mlango. Mgeni aliyelegezewa hakupewa orodha, hakupewa seva ya wenzake wa mtaa, hakupewa wenyeji wa kumjua kwa jina. Alitupwa kwa wageni wakali kuliko wa jana, ukumbi ukavunjwa, akatupwa kwa wengine. Ningekuwa yeye hata mimi nisingerudi.

Oktoba 2025, baada ya majaribio ya Black Ops 7, Treyarch walitangaza kwamba gemu hiyo itatoka mwezi uliofuata ikiwa na upangaji ulio wazi, usiojali sana ustadi, kama hali ya kawaida, na kwamba kumbi zitabaki baada ya mechi. Mashabiki walishangilia kana kwamba wamevumbuliwa gurudumu. Hilo la kumbi kubaki ndilo lililonifurahisha mimi. Kishikizo cha ustadi wanaweza kukikaza tena wiki yoyote bila sisi kujua. Wakati huo huo Counter-Strike 2, ambayo Valve waliitoa Septemba 2023, ina mfumo wa ngazi kama wengine wote, na bado ukitafuta kwenye menyu utakuta orodha ya seva za watu binafsi, ikiwa na majina, ramani, idadi ya wachezaji, na ile safu ya pingi.

Nikipata nafasi wiki ijayo nitaweka hapa msimbo mdogo wa foleni ya kupanga wachezaji, ili mjaribu wenyewe kukaza na kulegeza vile vishikizo vitatu. Uwekeeni watu 60 kwanza, halafu 6,000, muone unavyobadilika tabia.